Deutschlandticket kwa safari za wikendi: inunue, ila usiwe na haraka

Kwa mtu anayeishi Ujerumani na kufanya kazi za zamu, kama mimi ninayehudumia wazee pembezoni mwa München, hii tiketi ya mwezi ya treni na mabasi ni ya kununua. Nimeanza na hilo ili asiye na muda aende zake. Wengine tukae kidogo, maana ina vituko vyake, na vingi vinakungoja Jumamosi na Jumapili, siku zile zile unazotaka kutembea.

Ilianza tarehe 1 Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi. Mwaka 2025 ikapanda hadi 58, na tangu Januari 2026 ni 63. Kila ikipanda nanung'unika, kisha nalipa. Kwa hela hiyo unapanda treni za mikoa (zile za RE, RB na S), treni za chini ya ardhi, tramu na mabasi ya mjini, nchi nzima, saa yoyote, daraja la pili. Treni za mwendo kasi na za masafa marefu (ICE, IC na EC) hazimo. Hapo ndipo wageni wengi wananaswa. Treni nyeupe yenye mstari mwekundu imesimama mbele yako, milango wazi, inaenda huko huko unakoenda, na kwenye simu una tiketi uliyolipia mwezi mzima. Ukiingia ukakutwa na mkaguzi, unahesabiwa huna tiketi, na faini inaanzia euro 60.

Tiketi ina jina lako na haiazimishwi. Mkaguzi akitaka kitambulisho unatoa. Simu ikizima chaji, maelezo unayatoa wewe, kwa Kijerumani, mbele ya behewa zima. Tembea na betri ya akiba.

Raha yake ni nini basi? Ni kuamka Jumapili huna mpango wowote, ukaangalia dirishani, ukaenda kituoni. Hupangi foleni kwenye mashine, huulizi nauli. Ukiboreka Garmisch, kule milimani, unashuka, unapanda ya kurudi. Kuna siku nilitoka zamu ya usiku nikapanda treni ili nilale tu, nikaenda na kurudi bila kuona mlima hata mmoja, wala sikuona nimepoteza kitu.

Sasa niwape kisa cha wifi yangu, maana kina somo ambalo hakuna bango kituoni linalokufundisha vizuri.

Alikuja kututembelea, tukamnunulia tiketi yake. Mtoto wetu hajafika miaka 6, kwa hiyo halipi. Tukapanga kwenda Tegernsee, ziwa lililo kama saa moja kusini mwa München. Kituoni watu walikuwa wamejaa na fimbo zao za kupandia milima, baiskeli, mbwa, watoto migongoni. Sisi tukabanana behewa la mbele na kigari cha mtoto, wifi akaona nafasi nyuma: "Nyie nendeni, tutakutana huko huko." Nani angemkatalia? Treni ni moja.

Kumbe siyo moja. Treni ile ni vipande vitatu vilivyoshikanishwa, na ndani huwezi kutoka kipande kimoja kwenda kingine. Ikifika Holzkirchen inakatwa: kipande kimoja kinaelekea Bayrischzell. Vilivyobaki vinakatwa tena Schaftlach, kimoja Lenggries, kingine Tegernsee. Wakati tunaingia Gmund, ziwa ndiyo linaanza kuonekana, simu ikaita.

"Wifi, ziwa nimeshaliona. Zuri kweli! Mmeshukia wapi?"

"Ziwa gani hilo? Sisi bado tumo ndani ya treni."

"Sijui, hapa pameandikwa Schliersee."

Alikuwa kwenye kile kipande cha Bayrischzell, kinachopita ziwa jingine. Mume wangu alicheka mpaka mtoto akaanza kulia. Lakini angalieni hapa: kama tungenunua ile tiketi ya siku ya kikundi ya Bavaria, jimbo letu, ambayo karatasi moja inabeba watu kadhaa, wifi angekuwa kwenye treni nyingine bila tiketi yoyote. Hii ya kila mtu na yake ilimwokoa. Nikamwambia atulie huko, ziwa ni ziwa. Jioni tukakutana Holzkirchen, pale pale wanapovishikanisha vile vipande kwa safari ya kurudi. Alikuja jukwaani na picha nyingi kuliko zetu.

Kwa hiyo kabla ya kukaa, soma kibao kilicho kwenye behewa lenyewe, usiamini cha kituoni peke yake. Na hili ni muhimu zaidi kwa anayewahi ndege: S1 ya München inakatwa vivyo hivyo Neufahrn, sehemu moja inaenda uwanja wa ndege na nyingine inaenda Freising. Nimeona watu na masanduku yao wakikimbia kwenye jukwaa lile, na sikutamani kuwa wao.

Kero kubwa kuliko zote ni SEV. Ukiona herufi hizo tatu kwenye ratiba, jua reli inatengenezwa na utapakiwa kwenye basi. Kazi za reli hupenda wikendi, kwa sababu siku za kazi kuna watu wengi zaidi wa kuwaudhi. Siku moja tukitoka milimani tulishushwa wote kwenye kituo kidogo, mvua inanyesha, basi moja kwa treni nzima. Kijana mwenye baiskeli akaambiwa baiskeli haipandi, akabaki amesimama nayo. Dereva hakuwa mwenyeji wa kule. Kwenye mzunguko wa pili wa barabara alipunguza mwendo, akageuka, akatuuliza sisi. Mzee mmoja wa kiti cha mbele akavua kofia, akamwelekeza kwa fimbo, kushoto, moja kwa moja, kanisani kulia, hadi kituo kilichofuata. Tulimpigia makofi mzee.

Ukichelewa, usitegemee fidia ya maana. Mwenye tiketi ya kawaida, treni ikionekana itamchelewesha dakika 20 au zaidi, ana haki ya kupanda hata ya mwendo kasi. Sisi wa tiketi hii hatumo. Kwa kuchelewa saa nzima unadai euro 1.50, na kwa kuwa malipo yaliyo chini ya euro 4 hayatolewi, unatunza madai yako mpaka yafike matatu. Mimi sijawahi kuyafikisha, si kwa sababu treni zinawahi, ni uvivu wa kujaza fomu.

Ndiyo maana siishauri kwa safari yenye saa maalumu. Mji wa Füssen unafikika vizuri, na hata basi la kutoka kituoni kwenda chini ya ngome ya Neuschwanstein limo ndani. Ila kuingia ngomeni kuna tiketi nyingine yenye saa iliyoandikwa, na saa hiyo ikikupita imekwenda. Jiachie saa moja na nusu ya ziada. Ziwa la Königssee ni bora kwa watu kama sisi. Unabadili treni Freilassing, unafika Berchtesgaden, unapanda basi. Boti ndiyo unalipia mwenyewe. Zinatumia umeme tangu 1909, hazina moshi wala kelele, na katikati ya maji mota inazimwa, mmoja wa wahudumu wa boti anapuliza tarumbeta kuelekea ukuta wa mwamba, na mwamba unamjibu. Ukichelewa boti moja, unapanda inayofuata.

Tiketi inafika hadi Salzburg, ingawa ni Austria. Wakati wa kurudi polisi wa mpakani huingia ndani ya treni, kwa hiyo pasipoti na kibali cha ukaazi viwe mkobani. Picha ya pasipoti kwenye simu haitoshi.

La mwisho ni kughairi. Hii ni ya kujisajili, inajilipia yenyewe kila mwezi. Kwa wauzaji wengi lazima ughairi kabla ya tarehe 10 kupita, la sivyo unakatwa na mwezi unaofuata. Mgeni akifika tarehe 12 akanunua, tayari amebeba miezi miwili, euro 126, hata kama anaondoka baada ya wiki mbili. Hesabu kwanza safari mlizopanga. Kama ni mbili tatu za kikundi, tiketi ya siku ya jimbo, kama ile ya Bavaria, inaweza kuwa nafuu, mradi mkae behewa moja. Ya wifi tuliinunua mwanzoni mwa mwezi, na nikaighairi jioni ile ile.