Bustani ndogo ya wanyama ya familia: tathmini ya mgeni anayejali hali ya wanyama

Bustani hii ya wanyama inaendeshwa na mume, mke na watoto wao waliokwisha kuwa watu wazima, na mgeni hulitambua jambo hilo mapema, kwa kuwa yule aliyemkatia tiketi mlangoni ndiye atakayemwona baada ya muda mfupi akibeba ndoo ya majani kuelekea kwa swala. Nimeitembelea nikiwa na watoto na pia nikiwa peke yangu, siku za mapumziko zenye msongamano na siku za kazi ambapo njia zote ni tupu. Swali nililoendelea kujiuliza kila mara, na ambalo naona lina uzito kuliko ubora wa mgahawa au wingi wa viti vya kupumzikia, ni hili: je, mnyama anayetazamwa anaweza kuondoka mbele ya anayemtazama? Katika sehemu kubwa ya bustani jibu ni ndiyo, na wenyeji wanastahili pongezi. Katika sehemu tatu jibu ni hapana, na sehemu hizo zimenisumbua sana.

Nianze na lalamiko ambalo wageni wengi hulitoa wanapotoka, kwamba wamelipa kiingilio halafu wakakuta mabanda yasiyo na mnyama. Nawaelewa, hasa waliofuatana na watoto wadogo, lakini kwangu banda linaloonekana tupu ni ushahidi wa kazi iliyofanywa vizuri. Nungunungu ni mnyama wa usiku, na hapa amejengewa pango la mawe lenye matundu mawili ambamo hulala mchana kutwa bila mtu kugonga ukuta ili atoke. Swala nao wamepandiwa vichaka katikati ya ua wao, na njia ya wageni inapita upande mmoja tu, hivyo wakichoshwa na kelele huhamia upande wa pili ambako hakuna anayeweza kuwafikia. Heini Hediger, mtaalamu wa wanyama wa Uswisi aliyeongoza bustani ya wanyama ya Zürich kuanzia mwaka 1954 hadi 1973, alieleza kwamba kila mnyama ana umbali wake wa kukimbia, yaani ukaribu ambao adui akiuvuka mnyama hutimua mbio. Mnyama aliyefungiwa mahali padogo kuliko umbali huo, na kuzungukwa na watu pande zote, huishi katika hali ya kutaka kukimbia bila kuwa na pa kukimbilia. Familia hii imelielewa jambo hilo vizuri kuliko bustani kadhaa kubwa ninazozijua.

Faida nyingine ya udogo wa mahali hapa ni kwamba kila mnyama anafahamika. Binti wa wenyeji alituonyesha kobe aliyekuwa ametengwa, akaeleza kuwa kwa kawaida huyo ndiye wa kwanza kufika kwenye chakula, na kwamba asubuhi ile alichelewa. Hilo peke yake lilitosha kumfanya amwite daktari wa mifugo. Katika ua huohuo wa kobe kuna somo ambalo mgeni anaweza kulisoma kwa macho. Kobe wakubwa, ambao walitolewa majumbani mwa watu, wana magamba yenye nundu zilizochongoka mithili ya vilima vidogo, ilhali wale wadogo waliolelewa hapa wana magamba laini. Nundu hizo hutokea kobe anapokua katika mazingira makavu kupita kiasi na kwa lishe isiyomfaa, na zikishajengeka haziondoki. Kibao kilichoandikwa kwa mkono kinaeleza yote hayo kwa lugha nyepesi, na niliwaona watu wazima wakichuchumaa kulinganisha gamba moja na jingine. Hayo ndiyo mafunzo ambayo bustani ya wanyama inapaswa kuyatoa.

Chakula cha tumbili hakimwagwi chini, bali hufichwa ndani ya magogo yaliyotobolewa, hivyo wanalazimika kuchokoa, kunusa na kushindana kama ambavyo wangefanya porini, ambako sehemu kubwa ya siku huishia katika kutafuta riziki. Wageni hawaruhusiwi kuwarushia chochote. Mbuzi pekee ndio wanaolishwa na wageni, kwa vifuko vya majani vilivyopimwa, na vifuko vya siku vikiisha uuzaji hufungwa hata kama foleni bado ni ndefu. Niliwasikia watu wakinung'unika, lakini mbuzi anayelishwa na kila anayepita huvimba tumbo na anaweza kufa, na familia inayokubali kupoteza mapato ili kulizuia hilo inastahili kuungwa mkono.

Sasa niyaseme yasiyopendeza. Karibu na mlango kuna kasuku wa kijivu anayekaa peke yake katika tundu lililo wazi pande zote nne. Kifua chake hakina manyoya, ngozi inaonekana, lakini kichwa kimefunikwa vizuri kabisa. Tofauti hiyo inaeleza mengi: kichwa ndiyo sehemu ambayo mdomo wake hauwezi kuifikia, kwa hiyo ni yeye mwenyewe anayejinyonyoa. Kunyonyoka kwa namna hiyo kunaweza kusababishwa na maradhi, na mara nyingi pia husababishwa na upweke na kukosa la kufanya, kwani kasuku hawa porini huishi katika makundi makubwa. Biashara iliwapunguza sana porini kiasi kwamba mwaka 2016 mataifa wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, yalikubaliana kuwaweka katika orodha yenye ulinzi mkali zaidi. Wenyeji waliniambia kwamba ndege huyu aliletwa akiwa hivyo, nami sina sababu ya kutowaamini. Hata hivyo, kuletwa akiwa mgonjwa hakuhalalishi kumweka mahali penye kelele nyingi kuliko pote, ambapo kila anayeingia humpigia mluzi ili aseme neno.

La pili ni kona ya kushika wanyama, ambayo inanishangaza kwa kuwa ina jambo jema na jambo baya vikiwa hatua chache tu kutoka kimoja hadi kingine. Sungura wamewekewa masanduku yenye tundu, na kanuni ni kwamba sungura aliyeingia humo haguswi. Hilo ni sahihi kabisa, kwa sababu sungura aliyetulia mapajani mwa mtoto mara nyingi hajatulia, bali ameganda kwa woga. Lakini pembeni yake chatu huzungushwa kutoka shingo hadi shingo kwa ajili ya picha, na yeye hana sanduku wala zamu ya kupumzika. Zaidi ya hayo, nyoka, kenge na kobe wanaweza kubeba bakteria wa salmonela bila kuonyesha dalili yoyote, na watoto wa chini ya miaka 5 ndio wanaodhurika zaidi, ilhali beseni la kunawia lipo mbali na siku moja lilikuwa halina sabuni.

La tatu, na zito kuliko yote, ni mondo, paka wa porini mwenye madoa. Anatembea kutoka kona moja hadi nyingine, anageuka palepale, anarudi, na ardhi ya njia hiyo imechimbika. Mwendo huo wa kujirudia hujulikana sana kwa wanyama wala nyama waliofungiwa. Utafiti wa Ros Clubb na Georgia Mason uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba spishi zinazozurura maeneo makubwa porini ndizo zinazoathirika zaidi na kifungo. Ni kweli kwamba tabia hii inaweza kubaki kama kovu hata baada ya mnyama kuhamishiwa mahali bora, na mondo huyu alifugwa kwanza nyumbani kwa mtu. Lakini hapa pia hajapata mahali bora: banda lake halina majani marefu, halina jukwaa la juu, na kibanda chake cha kulalia hufungwa mchana ili wageni wamwone. Kufungua mlango huo hakugharimu chochote.

Nilimuuliza mzee mwenye bustani nani atakayewatunza wanyama hawa siku ambapo yeye na mkewe hawataweza tena. Swali hilo halikuwa la utovu wa adabu, kwa kuwa kasuku anaweza kuishi miongo kadhaa na baadhi ya kobe huweza kuvuka miaka 100. Alijibu kwamba watoto wake wamekubali kuendelea, na kwamba hawapokei tena wanyama wanaokula nyama. Uamuzi huo wa pili umenipa moyo.

Kwa upande wa huduma kwa wageni sina mengi ya kusema: vyoo ni safi, kivuli kinatosha, na njia ya kuelekea kwa tumbili ina mawe yanayomtesa anayetumia kiti cha magurudumu. Anayetaka kuwaona wanyama wakiwa wachangamfu afike mapema asubuhi au jioni.

Naipa bustani hii nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitaiongeza kwa furaha kasuku atakapohamishwa kutoka mlangoni na chatu kuachwa apumzike, na ya tano siku nitakapokuta kibanda cha mondo kiko wazi, hata kama kwa sababu hiyo nitaondoka bila kumwona.