Jaketi la Kuelea: Lenye Hewa Pande Zote au Mgongoni Pekee?

Mzamiaji anayejiandaa kwenda Mnemba au Mafia hukuta dukani jaketi za kuelea, yaani zile anazozijaza au kuzipunguza hewa ili apande au ashuke majini, za namna mbili. Ya kwanza hujaa hewa mgongoni, ubavuni na mbele; ya pili ina mfuko wa hewa mgongoni tu, kuuzunguka mtungi wa hewa ya kupumua.

Juu ya maji, ile ya kwanza humshikilia mtu wima, kichwa kikiwa nje, na ndiyo sababu wanafunzi wengi hufundishwa nayo. Kasoro yake huonekana inapojazwa: ikiwa imebana kidogo tu, hewa hukandamiza kifua na kumfanya avute pumzi kwa shida. Ya pili huacha kifua huru na, chini ya maji, humlaza sambamba na sakafu ya bahari, hivyo mapezi yake hayagongi matumbawe. Lakini ikijazwa kupita kiasi juu ya maji humsukuma kifudifudi, jambo linalopunguzwa kwa kuhamishia nyuma sehemu ya vizito, yaani vyuma anavyobeba ili azame.

Kwangu mimi, ya pili ni bora kwa aliyekwisha kuzoea. Hata hivyo, vipimo vya mwili vina uzito zaidi kuliko muundo. Jaketi yoyote unayotaka kununua, ijaribu ukiwa umevaa vazi lako la kuzamia, ambalo kwa maji yetu ya joto mara nyingi huwa la milimita 3, ijaze kabisa, kisha vuta pumzi ndefu. Mwenzako aiinue kwa mabega: ikipanda hadi masikioni, ni kubwa mno.