Fomu ya kusaini au bima: farasi akimuumiza mtu, ipi inakuokoa?

Wenye farasi Uingereza wanabishana hili kila siku: umsainishe mgeni fomu kwamba akiumia ni juu yake, au ukate bima ya kufidia watu?

Kwa bei fomu inashinda, karatasi na kalamu tu, bima unalipia kila mwaka hata farasi wako awe mpole vipi.

Kwenye kutegemeka ndo kuna ishu. Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 hairuhusu biashara kujivua kwa mteja lawama ya kifo au majeraha yaliyotokana na uzembe wake, kwa hiyo mkanda wa tandiko ukiwa umechakaa mtu akaanguka, sahihi yake haikusaidii. Halafu Sheria ya Wanyama ya 1971 inaweza kukubana hata bila kosa: kesi ya Mirvahedy na Henley, 2003, farasi walishtuka usiku wakavunja uzio wakaingia barabarani wakagongana na gari, wenye farasi wakawajibika japo hawakuwa wazembe. Yule dereva hajawahi kusaini chochote jamani!

Ila fomu usiitupe, sheria hiyohiyo ya 1971 inakulinda kama mtu aliikubali hatari kwa hiari yake, na fomu ni ushahidi kwamba aliambiwa. Kwenye majimbo mengi ya Marekani fomu inabeba uzito zaidi.

Kama unafuga tu karibu na barabara, mi ningesema bima kwanza. Unakodisha farasi? Bima ni sharti la leseni, fomu ongezea. Uko Marekani, soma sheria ya jimbo lako kabla hujaamua.