Tahadhari: wanaouza "hisa za dhahabu" kwa M-Pesa hawana dhahabu yoyote

Jamani, kama umeingizwa kwenye kundi la WhatsApp linalouza "hisa za dhahabu za ETF" (ETF ni mfuko wa uwekezaji unaouzwa kwa hisa sokoni) kwa shilingi 1,000 hisa moja, na umeahidiwa faida ya asilimia 4 kila Ijumaa, usitume pesa. Kama umeshatuma, usiongeze hata shilingi. Mimi nimepoteza 87,100. Wifi yangu, ambaye nilimwingiza mimi mwenyewe, amepoteza 40,000. Ninaandika leo kwa sababu picha ile ile ya vipande vya dhahabu tuliyotumiwa sisi imetokea tena wiki hii kwenye kundi la wazazi hapa Mombasa, chini ya jina jipya la kampuni.

Kwetu ilianza Machi 2025, siku zile bei ya dhahabu duniani ilipovuka dola 3,000 kwa aunsi, yaani kama gramu 31. Kwenye chama chetu cha akina mama akaletwa kijana mwenye adabu, kila ujumbe anaanza na salamu, kila mtu anamwita mama. Na hakutuletea uongo mtupu, ndipo alipotupata. Alisema upo mfuko wa dhahabu unaouzwa kama hisa pale Soko la Hisa la Nairobi. Ni kweli upo, unaitwa NewGold, uliorodheshwa Nairobi mwaka 2017, na Johannesburg umekuwako tangu 2004. Tulitafuta kwenye simu tukaukuta, tukaridhika. Hakuna aliyeuliza kijana huyu ana uhusiano gani na mfuko huo.

Nikatuma 20,000. Ijumaa ya kwanza nikapata 800 kwenye M-Pesa, ya pili 800, ya tatu 800. Mwenzenu nikaona mambo ni haya. Nikatoa 60,000 niliyokuwa nimeiweka kwa karo ya muhula wa pili, nikampigia wifi simu nikamwambia asikawie. Tulipewa programu ya simu inayoonyesha salio likipanda kila siku. Langu lilipofika 96,400 nikaomba kutoa pesa ya shule. Nikaambiwa kuna ada ya kufungua akaunti, 9,500, nikailipa. Halafu nikaambiwa kuna kodi ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, asilimia 10 ya salio, niitume kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Hapo ndipo akili iliponirudia, kwa maana KRA haikusanyi kodi kwa simu ya mtu. Nilipokataa niliondolewa kwenye kundi, na namba ya yule kijana haikupatikana tena.

Baadaye nilikwenda kwa wakala wa hisa mwenye leseni hapa mjini, nikakaa na dada mmoja karibu saa nzima akinieleza kwa subira. Laiti ningekwenda kwanza. Mfuko wa ETF wa dhahabu hununua dhahabu halisi, vipande vinahifadhiwa kwenye vyumba vya chuma vyenye ulinzi, na hisa yako ni sehemu ndogo ya dhahabu hiyo. Ule mkubwa wa Marekani, SPDR Gold Shares, ulioanza Novemba 2004, huhifadhi dhahabu yake hasa London. Bei ya hisa inafuata bei ya dhahabu, ikipanda inapanda, ikishuka inashuka. Septemba 2011 aunsi moja ilifika takriban dola 1,900. Desemba 2015 ilikuwa kama dola 1,050. Aliyenunua juu akauza chini alilia, na hapo hajaibiwa na mtu.

Jambo ambalo ningetamani kila mmoja wenu alishike ni hili: dhahabu haizai. Ng'ombe ana maziwa, nyumba ina kodi ya kila mwezi, lakini kipande cha dhahabu ukikifungia kabatini mwaka mzima utakikuta vile vile. Kwa hiyo mfuko wa dhahabu hauna cha kukugawia kila Ijumaa. Kinyume chake, wenyewe unakata ada ya uendeshaji, ule wa Marekani asilimia 0.40 kwa mwaka, na dhahabu kidogo huuzwa ili kuilipa. Unapata faida siku unapouza hisa yako kwa bei ya juu kuliko uliyonunulia, basi. Zile 800 nilizofurahia zilikuwa pesa zangu mwenyewe, au za mama mwingine aliyeingia nyuma yangu. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi.

Hata bei ingetosha kutushtua. Hisa moja ya NewGold ilianza ikiwa sawa na sehemu moja ya mia ya aunsi, na imepungua kidogo tu kwa ajili ya ada. Siku zile, aunsi ikiwa dola 3,000 na zaidi, dola ikiwa kama shilingi 129, hisa ya kweli ilikuwa na dhahabu ya zaidi ya shilingi 3,500. Sisi tuliuziwa kwa 1,000 tukaona ni bahati.

Ukitaka kununua ya kweli, unafungua akaunti ya CDS, ile ambako hisa zako huandikwa, kwa jina lako na kitambulisho chako kupitia wakala aliye kwenye orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Orodha iko wazi kwenye tovuti yao. Pesa unalipa kwenye akaunti ya kampuni ya wakala, na hisa zinaingia kwenye CDS yako, ambako unaweza kuomba taarifa yake. Kwa hiyo muulize muuzaji: hisa zangu zitaonekana kwenye CDS yangu lini? Yule wetu, wifi alimuuliza, akajibu kwamba wao wana "mfumo wa kisasa zaidi". Mimi ndiye niliyemtuliza wifi. Ujue pia kwamba soko la NewGold hapa Nairobi mara nyingi limekuwa baridi, unaweza kukaa na hisa zako ukingoja mnunuzi. Anayekuambia utatoa pesa dakika yoyote, mwogope.

Jambo la mwisho, na ni la haraka. Wiki mbili baada ya kuibiwa nilipigiwa simu na mtu anayejiita mpelelezi, anajua hadi kiasi nilichopoteza, akitaka 6,000 ili "arudishe" pesa zangu. Hao ni wale wale. Msiwalipe. Kama wamekula pesa zako, usifute ujumbe wala programu, chukua taarifa yako ya M-Pesa, uende kituo cha polisi upewe namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Mimi na wifi tumeshapata namba zetu za OB. Akina mama wengine watatu wa chama bado wanaona haya kwenda, na ninawaomba twende pamoja Jumatatu asubuhi.