Kozi ya Kujiandaa Kufundisha Kiingereza Thailand: Uhondo Uko Siku ya Tatu

Kozi hii ya siku 5 hufanyika katikati ya jiji la Nairobi, ghorofa ya nne, mwendo mfupi kutoka Moi Avenue. Ada ni shilingi 15,000, chai ya saa nne ikiwemo. Jina la chuo tunalihifadhi.

Siku 2 za kwanza ni adabu za nje: wai, ile salamu ya kuunganisha viganja (vidole gumba vifike kidevuni kwa mkubwa wa kawaida, ncha ya pua kwa mzazi au mwalimu), kutomshika mtoto kichwa, kutomwelekezea mtu nyayo, kusimama wima wimbo wa taifa ukipigwa saa mbili asubuhi. Ni kweli tupu, lakini mgeni mwenye macho huyashika haya kwa wiki moja akiwatazama wenyeji.

Siku ya 3 ndiyo inayostahili nauli ya matatu. Mada ni neno moja: ndiyo. Mwalimu wa Kenya humaliza hoja akauliza, "Tuko pamoja?" na darasa zima likaitikia. Kule nako huitikia, ila itikio ni heshima: kusema "sijaelewa" ni kumwambia mwalimu kwamba hakufundisha vizuri, tena ni kujiaibisha mbele ya wenzako. (Tusijidanganye, "ndiyo mwalimu" ya kwetu nayo si ushahidi wa lolote.) Kwa hiyo usiulize kama wameelewa. Mpe kila mmoja karatasi ya A4 iliyolaminetiwa na kalamu ya kufutika, waache wanong'onezane wawili wawili kwa dakika 2 ili kosa liwe la wawili, kisha waandike na wote wainue kwa pamoja. Ukiona majibu 20 yamekosewa namna moja, tatizo ni maelezo yako. Kosa la mmoja lisahihishe mezani pake, kwa sauti ya chini, wala jina lake usiliandike kwa wino mwekundu, rangi ambayo wengi kule huihusisha na majina ya marehemu. Na akitabasamu unapomkosoa, hiyo ni haya, si kiburi. Hapo ndipo wengi wetu huharibu, maana kwetu tabasamu la namna hiyo humfikisha mtu kwa naibu wa mwalimu mkuu.

Siku ya 4 ni matamshi, na imepangwa vizuri. Kithai hakimalizi silabi kwa s wala l, hivyo "bus" hugeuka "bat" na "school" ikawa "sakun". Sisi tuliongeza irabu tukapata basi na skuli. Wao hufunga mlango kwa t na n. Mkufunzi hugusia pia saa za jioni, na hapo Mswahili anacheka peke yake: Mthai naye huhesabu kuanzia machweo, saa mbili usiku yake ni saa mbili yetu, hadi saa tano. Baada ya usiku wa manane ndipo mnapoachana. Usishtuke mwanafunzi akiandika 2568 kwenye tarehe. Ndio 2025 wao.

Siku ya 5, ya karatasi, ni hafifu. Cheti cha maadili mema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai (shilingi 1,050 kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali), kimeelezwa sawasawa. Lakini TOEIC, mtihani wa kupima Kiingereza, imeitwa "ya hiari", ilhali shule nyingi humdai asiye mzaliwa wa Kiingereza alama 600. Viza ya Non-Immigrant B, ile ya kazi, nayo imepewa dakika 10. Iulizie mwenyewe kwenye ubalozi wa Thailand hapa Nairobi kabla ya kukata tiketi, badala ya kuondoka na viza ya utalii ukitumaini kuibadilisha.

Wenye kozi nao waulize kuhusu bango lao la ngazini lenye picha ya Seoul. Viza ya E-2 ya kufundisha Kiingereza Korea Kusini kwa kawaida hupewa raia wa nchi 7 tu. Afrika Kusini imo, Kenya haimo.