Chanjo ya Kichaa cha Mbwa kwa Paka Msafiri: Tathmini ya Kliniki Moja ya Dar es Salaam

Nilipopata uhamisho wa kikazi kwenda Ujerumani mwaka jana, niliamua kwamba paka wangu, Karafuu, hatabaki kwa jirani. Kazi ya kumwandaa niliikabidhi kliniki moja ya mifugo jijini Dar es Salaam, ambayo sitaitaja jina, inayotangaza kwamba hushughulikia safari ya mnyama tangu mwanzo hadi mwisho. Mwisho waliuweza vizuri sana, lakini mwanzo waliuvuruga.

Januari 10 walimchoma chanjo ya kichaa cha mbwa, wakanipa kadi yenye mhuri, nikarudi nyumbani nikiamini kwamba hatua kubwa imekwisha. Februari 14 nilipompeleka tena, daktari mwingine, mtu mzima na mpole, alipitisha shingoni mwa paka kisomaji cha chipu, yaani kidude kidogo chenye namba ya utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, kikanyamaza. "Dada, huyu hana chipu, sindano ile ya kwanza Ulaya hawaihesabu," aliniambia. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka chipu yenye tarakimu 15 iwekwe kabla ya chanjo au siku ileile, kwa kuwa bila namba hiyo hakuna awezaye kuthibitisha kwamba paka aliyechanjwa ndiye huyu anayesafiri. Karafuu aliwekewa chipu, akachanjwa upya siku hiyohiyo, nami nikawa nimepoteza zaidi ya mwezi mmoja. Walinirudishia gharama ya sindano ya kwanza, ila baada ya mimi kudai.

Kuanzia hapo, daktari huyo ndiye aliyeiokoa kliniki. Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo wanyama wake husamehewa kipimo cha damu, kwa hiyo chanjo peke yake haitoshi: sharti sampuli ichukuliwe angalau siku 30 baada ya chanjo, ipimwe katika maabara inayotambuliwa na Umoja wa Ulaya, na ionyeshe kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, zisizopungua yuniti 0.5 za kimataifa kwa kila mililita. Alinieleza, bila haraka, kwamba kingamwili hupanda kwa wiki kadhaa baada ya chanjo ya kwanza kisha hushuka, hivyo paka anayecheleweshwa kupimwa anaweza kushindwa kipimo ilhali mwili wake bado unaukumbuka ugonjwa na unaweza kupambana nao. Alichagua Machi 27, siku ya 41. Majibu yalivuka kiwango kwa mbali, na alikiri kwa kicheko kwamba ile sindano iliyoharibika kwenye makaratasi haikuharibika mwilini, kwani dozi mbili hupandisha kingamwili kuliko moja.

Kisha ikaja subira ya miezi mitatu, inayohesabiwa kuanzia siku damu ilipotolewa, wala si siku majibu yalipofika. Niliiona kama usumbufu wa kiofisi hadi nilipoelezwa kwamba virusi vinaweza kujificha mwilini kwa wiki au miezi kabla ya dalili, na mnyama aliyeambukizwa kabla ya chanjo hujulikana katika kipindi hicho.

Makaratasi ya mwisho yalikwenda bila dosari: cheti cha afya kiliidhinishwa na daktari wa serikali Juni 28, ndani ya siku 10 zinazoruhusiwa kabla ya kuingia Ulaya, nasi tukatua Frankfurt Julai 2. Afisa wa forodha alisoma chipu, akalinganisha namba na cheti, akamtazama Karafuu aliyekuwa akilia kwenye kasha lake, akatupungia mkono tupite.

Ningewatumia tena, kwa sharti kwamba kisomaji kitangulie sindano na nikione kwa macho yangu. Mwezi uliopita wamenitumia ujumbe kunikumbusha chanjo ya marudio, maana ikipita tarehe hata kwa siku moja, kipimo kile cha damu hupoteza uhalali na kazi yote huanza upya. Karafuu amekwisha kuchanjwa.