Kabla ya Kulipia Behewa, Lipindue: Mwongozo wa Kununua Mabehewa ya Mizigo ya Reli ya Bustanini

Mwezi wa nne nililipa euro 119 kwa behewa jipya la mizigo lenye paa la kijivu na milango ya kusukuma. Lilipanda reli zetu za treni ndogo za mfano, tulizozitandaza bustanini hapa Ujerumani, likiwa bado linanuka plastiki mpya, na kabla halijamaliza mzunguko wa pili likaanguka. Nililirudisha relini, likaanguka tena pale pale, kwenye njia panda, pale reli inapogawanyika, kando ya kitalu cha stroberi, ilhali mabehewa mengine sita yalipita bila hata kutikisika. Jioni nililipindua mezani, nikaazima kalipa ya vernia ambayo mume wangu huitumia karakanani, nikapima nafasi iliyopo kati ya gurudumu na gurudumu kwa upande wa ndani. Ekseli ya mbele ilisoma milimita 40.1, na ya nyuma 38.7. Tofauti hiyo haizidi unene wa kadi mbili za benki zilizopangwa pamoja. Muuzaji, ambaye sitamtaja, alinijibu kwamba reli zangu ndizo mbovu.

Sitazungumzia rangi wala usahihi wa maandishi ubavuni, kwa sababu hayo kila mnunuzi ana macho ya kuyaona. Ninalotaka kulizungumzia ni kile kilichofichika chini ya behewa, ambacho picha za madukani hazikionyeshi kamwe.

Kwenye njia panda huwekwa vipande vya reli za kulinda, sambamba na reli kuu, ili gurudumu lisikosee njia, na gurudumu hulazimika kupita katika mwanya mwembamba ulio kati ya hizo mbili. Magurudumu ya ekseli moja yakikaribiana mno, mgongo wa gurudumu, yaani uso wake wa ndani, huipanda reli ya kulinda. Yakiachana mno, ukingo wa gurudumu hugonga ncha ya pale reli mbili zinapokutana. Kwa reli zetu za upana wa milimita 45, nafasi inayotakiwa kati ya migongo ya magurudumu ni takriban milimita 40. Sasa, gurudumu la chuma haliwezi kukazwa moja kwa moja kwenye ekseli ya chuma, kwa kuwa reli zote mbili hubeba umeme na shoti ingetokea papo hapo. Watengenezaji huweka bushi, yaani kipete cha plastiki, katikati, na bushi hiyo isipobana sawasawa, gurudumu huteleza kidogo kidogo bila mtu kujua. Kwa hiyo, lishike kwa vidole, livute na ulisukume. Likisogea hata kidogo, rudisha behewa dukani siku hiyo hiyo.

Magurudumu ya plastiki hayana tatizo la shoti, lakini ni mepesi, kwa hiyo uzito wa behewa unabaki juu badala ya chini, na kwa uzoefu wangu huacha utando mweusi juu ya reli ambao kila Jumamosi mtu hupiga magoti kuufuta.

Jambo la pili ni skeli, yaani mfano umepunguzwa mara ngapi kuliko treni halisi, ambalo wauzaji hulificha nyuma ya herufi moja, G, jina la jumla la treni za bustanini, kana kwamba mabehewa yote yanayopita kwenye reli ya milimita 45 ni ndugu. Reli hiyo ikihesabiwa kwa skeli ya 1:22.5 inawakilisha reli ya upana wa mita moja, na hapo ndipo moyo wangu ulipo, kwa sababu nimekulia Tanga, na reli ya Tanga, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1893, ni ya mita moja, kama ile iliyoanzia Mombasa mwaka 1896. Ukichukua 1:20.3 unapata reli ya futi tatu ya Marekani, na 1:32 inakupa reli pana ya milimita 1,435, ambayo Wakenya wanaiita SGR. Ipo pia 1:29, nayo hailingani na chochote: behewa la reli pana kwa skeli hiyo lingehitaji reli ya karibu milimita 49.5. Chagua skeli moja, ushikamane nayo, la sivyo treni yako itafanana na mstari wa watoto wa shule waliopangwa bila kuangalia kimo.

Kwa upande wa watengenezaji, nafasi ya kwanza naipa LGB, na sijifichi kwamba ninaipendelea. Iliingia sokoni mwaka 1968 kutoka Nuremberg na tangu 2007 imo mikononi mwa kampuni ya Märklin. Plastiki yake imekusudiwa kustahimili jua na mvua, na ninalo behewa lililokaa nje misimu minane ambalo rangi yake imepauka kwenye paa tu. Mabehewa yake ya mfano wa Rhätische Bahn ya Uswisi, ambayo nayo ni reli ya mita moja, ndiyo ninayoyakusanya. Hata hivyo, soma maelezo kwa makini kabla ya kulipa, kwa kuwa si kila behewa huja na magurudumu ya chuma.

Ya pili ni Piko, ya mji wa Sonneberg, Ujerumani. Ina bei ya kiungwana zaidi, na huuza magurudumu ya chuma kando, ila fanya hesabu mapema: behewa la ekseli nne litahitaji jozi nne. Ya tatu ni USA Trains ya Massachusetts, kwa wenye bustani kubwa na mapenzi ya treni ndefu za Kimarekani. Ni ya 1:29, na mabehewa yake marefu hayapendi kona kali kama ile ya LGB yenye nusu kipenyo cha milimita 600. Aidha, ukiagiza kutoka Marekani kuja Ujerumani, utatozwa kodi ya asilimia 19, nayo hupigwa hata juu ya nauli ya mzigo. Accucraft, ya 1:20.3, ni kazi ya mikono ya kupendeza yenye vipande vidogo vidogo ambavyo paka wetu angevimaliza kwa asubuhi moja. Aristo-Craft sikuiweka, kwa kuwa ilifunga shughuli mwishoni mwa 2013 na hapa tunazungumzia mabehewa mapya.

Kuhusu yale ya bei ya kutupa yasiyo na jina la mtengenezaji, mnunulie mtoto.

Lakini hata ukijua unachokitaka, wauzaji watakutesa. Siku hizi behewa hutangazwa, hukusanyiwa oda, hutengenezwa mara moja, kisha hupotea. Dukani unaambiwa lipo njiani, na miezi inapita. Likifika limekwisha, na juma linalofuata unaliona kwenye mnada wa mtandaoni, sanduku halijafunguliwa, kwa bei na nusu. Niliwahi kumwomba muuzaji mmoja anitumie picha ya chini ya behewa. Alinitumia picha ile ile ya ubavu, ameikuza.

Behewa la paa la kijivu bado ninalo. Nililiwekea ekseli mbili mpya za chuma kwa euro 28, na sasa linapita kando ya stroberi bila taabu. Siku nilipolinunua, kwenye rafu ya juu yake kulikuwa na la LGB la euro 139, nikaliacha kwa kuwa nililiona ghali.